Utando wa Polima Asilia na Dawa ya Ganzi: Unafaa Wapi, Unakwama Wapi

Maswali matatu huulizwa siku hizi kwa pumzi moja. Je, ganzi inaweza kuingia mwilini bila sindano? Je, utando uliotengenezwa kwa mwani, ganda la kamba au utomvu wa mpira ni salama kuliko plasta ya kiwandani? Na zile krimu za ganzi zinazouzwa mitandaoni na kwenye maduka ya vipodozi, za kupaka kabla ya kuchora tatuu au kuondoa vinyweleo, ndizo hizohizo wanazozizungumzia watafiti?

Kila swali lina jibu lake, na kuyachanganya ni hatari. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, kufariki. Walikuwa wamejipaka krimu ya ganzi miguuni na kuifunika kwa nailoni, wakijiandaa kuondolewa vinyweleo kwa leza. Dawa ilipenya kupita kiasi, wakapata degedege, wakapoteza fahamu na hawakuzinduka. Machi 2024 mamlaka hiyohiyo ilizionya kampuni sita zilizokuwa zikiwauzia watu, bila maelekezo ya daktari, dawa za kupaka zenye ganzi ya lidokeini kwa kiwango kinachozidi asilimia 4 inayoruhusiwa.

Utando wa polima asilia, yaani ule wa mwani, ganda la kamba au utomvu wa mpira, unahangaika na tatizo lilelile lililowaua wanawake hao: namna ya kupitisha ganzi kwenye ngozi kwa kiasi kinachotosha, bila kumzidishia mgonjwa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba utando huo una thamani ya kweli kwenye kidonda na mdomoni, na kwamba wanaounadi kama mbadala wa sindano kwenye ngozi nzima wanaupeleka mahali ambapo hauna nguvu.

Kikwazo ni ngozi yenyewe

Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, alitia mmumunyo wa kokeini kwenye jicho, na jicho likafa ganzi. Ulikuwa mwanzo wa kufanya upasuaji kwa kutia ganzi sehemu moja tu ya mwili. Njia hiyo ilifaulu haraka kwa sababu uso wa jicho ni laini na hauna gamba kavu linaloifunika ngozi. Gamba hilo sehemu nyingi za mwili lina unene wa maikromita 10 hadi 20 tu, lakini limejengwa kwa seli zilizokufa zilizozungukwa na mafuta, nalo ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie.

Lidokeini, ambayo wahudumu wengi wa afya kwetu wanaijua kama lignokeini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist. Molekuli yake ni ndogo; kwa ukubwa peke yake ingepita. Kinachoizuia ni chaji ya umeme. Ikiwa katika hali ya chumvi, kama ilivyo kwenye vichupa vya sindano, huyeyuka vizuri kwenye maji, ila imebeba chaji, na kilichobeba chaji hakipenyi mafuta ya ngozi. Ikiwa katika hali ya besi haina chaji na hupenya mafuta, ila hukataa kuyeyuka kwenye maji. Kwenye pH ya kawaida ya mwili, 7.4, takriban robo tu ya dawa huwa haina chaji. Penye usaha asidi huongezeka na robo hiyo hupungua tena. Hiyo ni sababu mojawapo ya jipu kukaidi ganzi hata baada ya kudungwa.

Msomaji aishike kemia hii kidogo, maana karibu kila ubishi unaofuata unarudi hapo.

Msimamo wa kwanza: sindano na krimu zinatosha

Wenye msimamo huu wana hoja nzito. Sindano ya lidokeini ni ya bei nafuu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mhudumu wa zahanati anajua kuitumia. Hufanya kazi ndani ya dakika chache. Kiasi kinachoingia mwilini kinajulikana, kwa sababu mhudumu mwenyewe ndiye aliyekivuta kwenye bomba la sindano.

Kwa wanaoogopa sindano ipo krimu ya mchanganyiko wa lidokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5. Ubunifu wake ni wa kupendeza. Lidokeini peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 68, na prilokeini kwenye nyuzi 37 hivi, lakini zikichanganywa nusu kwa nusu huwa kimiminika hata kwenye joto la nyuzi 18. Hivyo dawa mbili ambazo zingekuwa unga hugeuka mafuta yasiyo na chaji, yaliyokolea, tayari kupenya. Jaribio lililofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 lililinganisha ganzi ya krimu na ya sindano katika tohara ya kifaa cha ShangRing, na krimu ilitosha kwa walio wengi. Inasaidia kwamba ngozi ya govi ni nyembamba na upande wake wa ndani ni laini.

Udhaifu wake uko kwenye muda na usimamizi. Krimu hiyo hutakiwa kukaa karibu dakika 60 chini ya kifuniko, na katika kliniki yenye foleni ndefu saa hiyo haipatikani. Krimu hufutika, hupakwa nene huku na nyembamba kule, na hakuna ajuaye kwa hakika ni miligramu ngapi zimeingia. Prilokeini ikizidi huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Na sindano, pamoja na sifa zake zote, haitandazwi juu ya mguu mzima wa mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto.

Msimamo wa pili: plasta ya kiwandani

Mwaka 1999 FDA iliidhinisha plasta ya lidokeini ya asilimia 5 kwa maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Ina upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 14, na imebeba miligramu 700 za dawa. Hukaa mwilini kwa saa 12, kisha huondolewa kwa saa 12. Katika muda huo ni takriban asilimia 3 tu inayoingia mwilini, yaani kama miligramu 21. Zinazosalia hutupwa na plasta.

Wanaoitetea husema usalama wake uko hapohapo: ngozi nzima inaachia kidogo kidogo, na kipimo kinarudiwa sawasawa kila siku. Ni kweli, mradi ngozi iwe nzima. Maelekezo ya plasta hiyo yanakataza kuibandika kwenye ngozi iliyochubuka au kuungua, na hapo ndipo maumivu ya wengi yalipo.

Tena plasta hii inavunja mgawanyo ambao watu wameuzoea. Katika viambato vyake imo jelatini, polima inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, pamoja na selulosi ya mimea iliyorekebishwa. Kile kinachoitwa cha kiwandani kina polima asilia ndani yake tayari. Kwa Muislamu wa Mombasa, Unguja au Muscat, swali la jelatini imetoka kwa mnyama gani lina uzito kuliko swali la asili na kiwanda.

Msimamo wa tatu: utando wa polima asilia

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana. Maumbile yamejaa minyororo hiyo: kitosani kutoka kwenye maganda ya kamba na kaa, alijineti kutoka kwenye mwani wa kahawia, karajinani kutoka kwenye mwani mwekundu, kolajeni kutoka kwenye ngozi za wanyama na samaki, utomvu wa mpira, gundi za miti, na selulosi inayofumwa na bakteria ndani ya kimiminika chenye sukari.

Utengenezaji wake maabara si mgumu. Chukua alijineti. Unga wake hukorogwa kwenye maji mpaka uwe kama uji mwepesi, dawa ya ganzi ikaongezwa, ukamiminwa kwenye sahani bapa na kuachwa ukauke. Kinachobaki ni karatasi angavu inayokunjika. Ikichovywa kwenye mmumunyo wa kalisiamu, chembe za kalisiamu huifunga minyororo pamoja na karatasi huacha kuyeyuka ovyo. Ikiwekwa kwenye kidonda chenye majimaji, sodiamu ya mwili huanza kuing'oa ile kalisiamu, karatasi ikavimba na kuwa jeli laini inayoachia dawa.

Faida kubwa kuliko zote imo kwenye jeli hiyo, hata kabla ya kutaja dawa. Tangu George Winter alipoonyesha mwaka 1962, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba kidonda kilichohifadhiwa na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke, matabibu wamekuwa wakitafuta kifuniko kisichogandamana na nyama. Gozi kavu ikibanduliwa huondoka na ngozi changa. Jeli hutoka kwa kusuuzwa.

Huko Fortaleza, Brazil, madaktari wamewatibu wagonjwa wa moto kwa ngozi ya samaki tilapia iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, na majaribio yao yameonyesha kupungua kwa maumivu na kwa idadi ya mara za kubadili kifuniko. Ngozi hiyo haina dawa yoyote ya ganzi ndani yake. Inafunika ncha za neva zilizoachwa wazi, inashikilia unyevu, na kolajeni yake inashikana na kidonda. Samaki wanayemtumia ni Nile tilapia, yuleyule anayevuliwa Ziwa Victoria na kuitwa sato. Jambo hili linastahili kufikiriwa na yeyote anayeshughulikia wodi ya moto Mwanza, Kisumu au Kampala, kwa sababu sehemu kubwa ya nafuu inayosifiwa kwa utando wenye ganzi huenda inatokana na kufunikwa tu. Utafiti usiolinganisha utando wenye dawa na utando uleule usio na dawa hauwezi kuzitenganisha nafuu hizo mbili.

Mdomoni nako kuna ushahidi. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani iliidhinisha kibandiko kidogo cha kuweka kwenye fizi kabla ya sindano ya daktari wa meno. Kilibeba miligramu 46.1 za lidokeini, na gundi iliyokishikilia kwenye fizi yenye mate ilikuwa ya mti, gundi ya karaya kutoka India. Kilikaa mdomoni dakika zisizozidi 15. Kibiashara hakikudumu, ila kilithibitisha kwamba polima ya mti inaweza kubeba ganzi na kuifikisha mahali ambapo hakuna gamba kavu la kuizuia. Na Agosti 2020 FDA iliidhinisha kipandikizi cha kolajeni ya ng'ombe chenye bupivakeini, kinachoachwa ndani ya jeraha baada ya upasuaji wa ngiri ili kutuliza maumivu. Vipandikizi vitatu vya miligramu 100 kila kimoja huwekwa kwa pamoja.

Mifano hii miwili iliyofika hospitalini haikupita kwenye ngozi nzima hata kidogo.

Chaji inapodai haki yake

Polima asilia nyingi zina chaji zao, na watafiti wengi huligundua hilo wakiwa wameshachelewa. Kitosani huyeyuka kwenye asidi tu. Anayeutengeneza utando wake huanza na siki au asidi ya aina hiyo, na asidi hiyohiyo huipa lidokeini chaji na kuifungia mlango wa ngozi. Alijineti ina chaji hasi, lidokeini ya chumvi ina chaji chanya, nazo hushikana. Kushikana huko huchelewesha dawa kutoka. Kwa maumivu ya usiku kucha ni jambo jema. Kwa mtoto anayesubiri kushonwa, ni kero.

Selulosi ya bakteria ilitarajiwa kuukwepa mtego huo kwa kuwa haina chaji ya maana. Watafiti wa Aveiro, Ureno, pamoja na wenzao, waliijaza lidokeini ya chumvi na kupima upenyaji wake kwenye ngozi ya binadamu maabara. Matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalionyesha kwamba lidokeini ilipita kwa kasi ndogo kuliko kutoka kwenye michanganyiko ya kawaida, ilhali ibuprofeni kwenye utando wa aina hiyohiyo ilipita karibu mara tatu zaidi. Utando mmoja, dawa mbili, majibu yanayopingana. Kwa hiyo utando usisifiwe peke yake. Kipimo chake ni utando pamoja na dawa, tena dawa ikiwa katika hali ipi, na ngozi ikiwa katika hali ipi.

Utomvu wa mpira una sifa ya kuchochea mishipa midogo ya damu kuota, na umefanyiwa kazi sana Brazil. Lakini protini zake ndizo zilizoleta wimbi la mzio wa glavu hospitalini katika miaka ya 1980 na 1990. Protini hizo hupunguzwa kwa kuosha utomvu na kuuzungusha kwa kasi. Kuziondoa kabisa ni shughuli nyingine.

Hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya yote

Wataalamu wengi hukadiria kikomo cha lidokeini bila adrenalini kuwa miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtoto wa kilo 10 kikomo chake ni miligramu 45. Rudi sasa kwenye ile plasta ya miligramu 700: kila sentimita ya mraba imebeba miligramu 5. Maana yake kipande cha sentimita 3 kwa 3 tu kina dozi nzima ya mtoto huyo. Kwenye ngozi nzima hilo halimdhuru, kwa kuwa asilimia 97 ya dawa haiingii. Kwenye kidonda cha moto gamba halipo, na hakuna wa kuizuia.

Tuseme mtoto huyohuyo ameungua eneo la viganja vyake vitano, karibu asilimia 5 ya mwili, kama sentimita za mraba 245. Utando wa kufunika eneo lote hilo bila kuvuka miligramu 45 haupaswi kubeba zaidi ya miligramu 0.18 kwa sentimita ya mraba, mara 27 pungufu ya plasta. Hapo swali gumu linajitokeza: je, kiasi hicho kinatosha kuua maumivu? Kama hakitoshi, utando huo uko katika hali ya ama kutofanya kazi au kuhatarisha moyo na ubongo. Njia ya katikati ni polima inayoachia dawa polepole kiasi kwamba mwili unaiondoa kadiri inavyoingia. Hapo ndipo kule kung'ang'aniana kwa alijineti na lidokeini, kulikoonekana kasoro, kunapogeuka kuwa faida.

Kwa bahati mbaya tafiti nyingi huishia kwenye kifaa cha Franz, vyumba viwili vya kioo vilivyotenganishwa na kipande cha ngozi au cha plastiki. Kifaa hicho hupima kasi ya dawa kuvuka. Hakina damu inayozunguka, hakina ini linaloivunja dawa, wala hakisikii maumivu.

Malighafi tunayo, kazi bado

Hoja ya kiuchumi ndiyo inayovuta hisia zaidi pwani yetu. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na Pemba, wengi wa wakulima wake wakiwa wanawake, husafirishwa nje ukiwa mkavu na kwa bei ndogo. Kwa nini usigeuzwe utando wa hospitali hapahapa?

Kwanza, mwani huo ni mwekundu. Hautoi alijineti. Aina ya spinosum hutoa karajinani laini inayonyumbulika, na ile ya cottonii, yenye bei nzuri zaidi lakini inayokufa maji ya bahari yanapopata joto, hutoa karajinani ngumu inayovunjika. Zote zinaweza kutengenezwa utando, ila si ule unaoandikwa kwenye tafiti nyingi za vidonda.

Pili, malighafi ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha huishia kwenye kusafisha sumu za bakteria, kuhakikisha minyororo ina urefu uleule kila shehena, na kuua vijidudu. Hatua hii ya mwisho ni mtihani. Mionzi ya gama ya kiwango cha kawaida, kiloGrei 25, hukata minyororo ya kitosani na alijineti. Mvuke wa nyuzi 121 huiyeyusha jelatini. Gesi ya ethileni oksaidi huacha mabaki yanayopaswa kupimwa. Polima za kiwandani nazo huumia, ila kwa wastani huvumilia zaidi, na shehena ya leo hufanana na ya mwaka jana. Ganda la kamba la msimu mmoja halifanani na la msimu mwingine.

Tatu ni hewa. Dawa ya kuuzwa ukanda wetu hupimwa uimara kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75. Utando unaopenda maji, ukikaa ghala la Tanga au Lindi bila pakiti madhubuti, hunyonya unyevu, hulegea, na huota ukungu.

Mizani

Kwa ngozi nzima, krimu ya lidokeini na prilokeini au sindano bado ziko mbele, na sioni sababu ya kuzitupa kwa ajili ya utando ambao bado haujazishinda. Kwa maumivu ya muda mrefu ya neva, plasta ya kiwandani ina ushahidi wa miaka mingi. Utando wa polima asilia unastahili fedha na muda wa watafiti kwenye sehemu tatu: fizi na vidonda vya mdomoni, majeraha ya moto yasiyo na kina, na sehemu za ngozi zilizochunwa kwa ajili ya kupandikizwa. Kote huko gamba halipo, jeli ina kazi ya kufanya hata bila dawa, na sindano haifikii vizuri.

Kati ya sehemu hizo ningeanza na mdomoni. Eneo ni dogo, dozi inajulikana, muda ni wa dakika, na kosa likitokea kibandiko kinatolewa kwa kidole. Wodi ya moto ya watoto ndiyo yenye uhitaji mkubwa zaidi, na ndiyo inayodai tahadhari kubwa zaidi: kiwango cha lidokeini kwenye damu kipimwe, kundi la kulinganisha livishwe utando uleule usio na dawa, na mafuta maalumu ya kudungwa mshipani ili kumwokoa mgonjwa aliyezidishiwa ganzi yawepo kabla ya mtoto wa kwanza kufungwa.

Bidhaa ya namna hii ikifika mezani kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, au Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, isipokelewe kama bandeji ya kawaida iliyoongezewa kitu kidogo. Ni dawa. Kwenye pakiti yake iandikwe miligramu kwa kila sentimita ya mraba, hali ya dawa iliyomo ikiwa ni chumvi au besi, polima imetoka kwa mmea au mnyama gani, na eneo la juu kabisa linaloruhusiwa kufunikwa kwa uzito wa mgonjwa, kwa Kiswahili ambacho muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kukisoma na kukipigia hesabu palepale kitandani.